Kabla hujapiga Linux, hamisha programu kwanza

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali limekuwa lilelile kuanzia stesheneri za Nyegezi mpaka hosteli za Malimbe, Mwanza: nikihamia Linux, Word yangu naipata wapi? Mezani kuna Core i5 ya kizazi cha nne au cha sita, used ya kutoka nje, bado nzima. Windows 11 kwa utaratibu wake rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Mashine inafanya kazi, mfumo ndio umeachwa. Linux ni mfumo mwingine, wa bure, wa kuendeshea mashine hiyohiyo.

Karibu kila programu uliyozoea ina mwenzake upande wa Linux. Shida ni namna watu wanavyomtafuta huyo mwenzake. Orodha ya Photoshop kwa GIMP, Corel kwa Inkscape, Word kwa Writer ya LibreOffice ni ya kweli, lakini haikwambii kama kadi ya harusi aliyoileta mteja kwenye flashi itafunguka na herufi zake. Anza na faili: linaingia likiwa la aina gani, linatoka likiwa la aina gani, na nani analipokea. Anayetoa PDF kwa mteja ana uhuru mkubwa. Anayerudishiana docx na msimamizi wa tasnifu kila wiki ana uhuru mdogo. Anayeletewa faili za Corel kutwa nzima, huyo ajipange.

Halafu usibadili programu na mfumo siku moja. LibreOffice, GIMP, Inkscape, Scribus, VLC, Kdenlive, Zotero na QGIS zote zina toleo la Windows. Ziweke kwenye Windows hiyohiyo uliyonayo, uzifanyie kazi halisi za wateja kwa wiki kadhaa, huku Word na Corel zikiwa bado pembeni. Kitu kikikataa, utajua kosa ni la programu. Ukihama vyote kwa mpigo, karatasi ikitoka imekatwa pembeni hutajua umlaumu nani: Writer, draiva ya printa au mpangilio wa mfumo. Siku unapopiga Linux yenyewe, linalobaki kuzoea ni menyu na printa tu.

Linux ziko za aina nyingi; kwa mashine za hali hii, isiyosumbua sana ni Linux Mint. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na inahudumiwa mpaka 2029. Ramu ya GB 4 ichukulie toleo jepesi la Xfce, GB 8 ichukulie Cinnamon. Maelezo yanayofuata ni ya Mint 22.

Word na tasnifu

Writer inafungua docx vizuri kuliko inavyosemwa mitaani. Mara nyingi kinachoharibu ukurasa ni fonti. Faili limeandikwa kwa Calibri, mashine haina Calibri, inawekwa fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari inasogea, jedwali linavuka ukurasa, namba za kurasa kwenye yaliyomo zinakuwa za uongo. Dawa yake ni fonti pacha zilizochorwa kwa vipimo vilevile: Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, Liberation Serif badala ya Times New Roman, Liberation Sans badala ya Arial. Liberation inakuja na mfumo. Nyingine ziweke mwenyewe, kwa kuandika amri hii kwenye teminali, lile dirisha la amri:

sudo apt-get install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea ttf-mscorefonts-installer hunspell-sw

Hiyo ya mscorefonts inaleta Times New Roman na Arial zenyewe. Katikati ya kazi itakutolea ukurasa wa masharti kwenye teminali, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu kipanya hakifanyi kitu. Bonyeza Tab mpaka neno la kukubali liwake, kisha Enter. Ukifunga dirisha kwa hasira, apt, kisakinishi cha programu, itabaki na kazi nusu na itagoma kuweka kitu kingine chochote. Fungua tena teminali, andika sudo dpkg --configure -a, umalizie.

Fonti moja haina pacha wa vipimo hivyo: Aptos, ambayo ndiyo fonti ya kawaida ya Office mpya. Faili la Aptos litasogea tu, ufanye usifanye. Mwombe aliyekutumia akupe na PDF yake, ili ujue ukurasa ulikuwaje.

hunspell-sw ni kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Ukiiweka, chagua Swahili (Tanzania) kama lugha ya maandishi na ile bahari ya mistari myekundu itapungua. Haitaisha, maana vitenzi vyetu vina viambishi vingi na kamusi haivijui vyote, lakini kwa barua ya ofisi inasaidia. Na wala si jambo geni kwetu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004.

Kusevu: nenda Tools, Options, Load/Save, General, uiambie ihifadhi kila mara kwa muundo wa Word kama kila unayemtumia anatumia Word. Kama faili ni lako mwenyewe, litunze kwa odt, muundo wa Writer yenyewe, na utoe docx au PDF siku ya kutuma. Faili linaloruka kutoka Word kwenda Writer na kurudi Word mara nyingi huanza kuota vitu: nafasi zisizofutika, namba za vichwa zinazoanza upya, maoni ya msimamizi yaliyohama aya. CV na barua ya maombi usitume docx kabisa. Tuma PDF.

Kwa mwanafunzi aliye katikati ya tasnifu yenye marejeo ya Mendeley, ushauri ni mmoja: maliza kwanza. Kiambatisho cha Mendeley ni cha Word. Anayeanza upya achukue Zotero, ina kiambatisho chake cha Writer, na inaweza kuvuta maktaba yako ya Mendeley iliyoko mtandaoni. Aliyeanza na Zotero ndani ya Word anaweza kuhama bila kupoteza marejeo: kwenye mapendeleo ya waraka ndani ya Zotero kuna sehemu ya kubadili programu ya uandishi. Ukisevu kama docx na kufungua kwa Writer bila kupitia hapo, marejeo yanaweza kugeuka maandishi mfu.

SPSS ina PSPP. Inasoma faili za sav moja kwa moja na inafanya mambo ambayo tasnifu nyingi za shahada ya kwanza zinayahitaji: frikwensi, khi mraba, t-test, ANOVA ya njia moja, rigresheni, Cronbach. Ukihitaji mambo mazito zaidi nenda jamovi au JASP, zote zinafungua sav. Wapima ardhi na watu wa mazingira wanaotumia ArcGIS, QGIS si mbadala wa kubahatisha. Wengi wenye ArcGIS wanayo tayari pembeni.

Excel, tarehe na karatasi ya Kimarekani

Hapa kuna mtego unaoanzia siku ya kupiga mfumo. Kisakinishi kinakuuliza lugha, unabonyeza English ya kwanza unayoiona, nayo ni ya Marekani. Kuanzia hapo mambo mawili yanaharibika kimyakimya.

La kwanza ni tarehe. Chukua daftari la mauzo ya dagaa la mfanyabiashara wa Mwaloni, Kirumba. Unaandika 5/11/2025 ukimaanisha Novemba, Calc, ile Excel ya LibreOffice, inaelewa Mei 11. Unaandika 25/11/2025, haina mwezi wa 25, kwa hiyo inaliacha kama maandishi ya kawaida. Huoni kosa lolote kwenye skrini, ila tarehe nyingine zimekaa kulia mwa kisanduku na nyingine kushoto. Zilizo kushoto ni maandishi, hazihesabiki. Ukija kujumlisha mauzo ya mwezi, nusu haipo na nusu imehamia mwezi mwingine.

La pili ni karatasi. Writer inaanza waraka mpya kwa Letter, milimita 216 kwa 279, wakati trei yako ina A4, 210 kwa 297. Printa nyingine inasimama na kudai karatasi ambayo haiuzwi hata dukani, nyingine inakata maandishi ya pembeni.

Vyote viwili vinatibiwa sehemu moja: Tools, Options, Languages and Locales, General, kisha Locale uweke English (UK). Halafu kwenye mipangilio ya printa ya mfumo, uhakikishe saizi ya karatasi ni A4. Faili zilizokwisha kuandikwa hazijirekebishi. Za Letter zibadilishe kwenye Format, Page Style. Tarehe zilizogeuzwa inabidi uzipitie moja moja au uzilete upya. Ukifungua CSV ya taarifa ya benki au ya pesa za simu, lile dirisha la mwanzo usilipite kwa Enter: bonyeza safu ya tarehe, chagua Date (DMY).

Fomula za kawaida zinapita bila shida. Inayowashangaza watu ni XLOOKUP. LibreOffice iliyo ndani ya Mint 22 ni 24.2, na XLOOKUP imeingia toleo la 24.8, pamoja na FILTER na SORT. Ubaya wake, faili likifunguliwa laweza kuonyesha majibu ya mwisho yaliyohesabiwa na Excel, ukaridhika. Ukigusa kisanduku, yanageuka #NAME?. Ama uandike upya kwa INDEX na MATCH, ama uweke LibreOffice mpya kupitia Flatpak, njia nyingine ya kuweka programu kwenye Linux.

Makro za VBA, zile amri zilizoandikwa ndani ya faili la Excel, ni suala jingine. Ndogo za kupanga na kusafisha hupita. Zile zenye vidirisha na vitufe, kama faili za matokeo za baadhi ya shule, mara nyingi zinakufa. Zijaribu ukiwa bado Windows, ndiyo faida ya kuhamisha programu kwanza.

Kadi za michango zenye majina, ile kazi ya Mail Merge, ipo. Andika majina kwenye Calc, mstari wa juu kabisa uwe vichwa. Kwenye Writer fungua Data Sources kwa Ctrl+Shift+F4, sajili lile faili la Calc, kisha kamata kichwa cha safu ukivute mpaka mahali jina linapokaa. Ukibonyeza kuprinti, itakuuliza kama unataka barua ya fomu. Jibu ndiyo, uchague itoke kama faili moja badala ya kwenda printa, uipitie kwanza, kwa sababu jina moja refu linatosha kusukuma mstari. Kama menyu ya Data Sources haipo, umekosa kifurushi cha libreoffice-base.

Corel, Photoshop na mabango

Inkscape inafungua cdr, lakini usiahidi mteja kabla hujaona. Maumbo na rangi bapa zinakuja sawa. Kinachoharibika ni maandishi ambayo fonti yake huna, picha zilizotiwa ndani ya umbo kwa PowerClip, na vivuli vya uwazi. Mbuni aliye na Corel mwombe akutolee PDF ikiwa maandishi yamegeuzwa curves. Hapo hutahitaji fonti zake, ila hutaweza kusahihisha jina lililokosewa, kwa hiyo majina yahakikishwe kabla. Faili zako za zamani za Corel zitolee SVG na PDF zote mbili kabla Corel haijaondoka kwenye mashine. Ni kazi ya jioni nzima na inachosha, lakini usipoifanya sasa, mteja wa mwaka juzi akirudi utamwambia nini? Fonti za mapambo ulizokusanya ziweke kwenye folda ya .local/share/fonts na uendeshe fc-cache -f.

Kwa kinachokwenda mtambo wa ofseti, Inkscape peke yake haitoshi: PDF yake ni ya RGB, rangi za skrini, na maandishi meusi yatavunjwa kuwa wino nne. Sahani zikisogea nusu milimita, herufi ndogo zinatoka na ukungu. Buni kwenye Inkscape, kisha ilete SVG kwenye Scribus, nyeusi uifanye K100 tupu, yaani wino mweusi peke yake, utoe PDF/X, ile PDF ya wachapaji. Scribus ndiyo pia inayochukua nafasi ya Publisher. Faili za pub za zamani zinafunguka kwenye LibreOffice Draw, kwa kiasi.

Mabango ni mepesi zaidi, maana mitambo ya mabango huchukua PDF, TIFF au JPG. Ila angalia hesabu ya ramu. Bango la mita 3 kwa 1 kwa dpi 100 ni pikseli 11,811 kwa 3,937, na kila tabaka lililojaa kwenye GIMP linakula karibu MB 186. Matabaka kumi, karibu GB 2, na laptopu ya GB 4 inaanza kukohoa. Kwa dpi 72 tabaka hilohilo ni kama MB 96, na bango la kusomwa na aliye ndani ya daladala halitaonyesha tofauti yoyote. Maandishi yaache Inkscape, GIMP ishughulike na picha tu.

Faili za PSD zinafunguka kwenye GIMP na matabaka yake, lakini smart objects na adjustment layers usizitegemee. GIMP ya ndani ya Mint 22 ni 2.10; ile ya 3.0, yenye athari zinazoweza kuhaririwa baadaye, inapatikana Flathub, ghala la Flatpak. Kwa PSD sugu kuna Photopea, inafanya kazi ndani ya kivinjari. Si ya chanzo huria, ila inaokoa.

Pasipoti saizi ndiyo kazi inayoingiza pesa ndogondogo kila siku, na watu wanaogopa kwamba itawashinda bila ile programu yao ya mbofyo mmoja. Kata picha kwenye GIMP iwe pikseli 413 kwa 531, ambazo kwa dpi 300 ni milimita 35 kwa 45. Fungua Inkscape, ukurasa uwe milimita 152 kwa 102, yaani 4R iliyolala. Leta picha, ipe upana 35 na urefu 45, iweke milimita 3 kutoka kushoto na 5 kutoka juu. Kisha Edit, Clone, Create Tiled Clones: safu mlalo 2, safu wima 4, alama ya P1. Kwenye Shift, weka X asilimia 5.7 kwa kila safu wima na Y asilimia 4.4 kwa kila safu mlalo, utapata nafasi ya milimita 2 ya kupitisha mkasi. Zinaingia picha 8. Ukiisimamisha karatasi zinaingia 6 tu. Kipimo cha kuprinti kiwe asilimia 100, na uzime borderless, maana hiyo huivuta picha kidogo na afisa mwenye rula ataikataa. Faili hilo lisevu kama kiolezo. Mteja anayefuata unabadilisha ile picha ya asili tu, nakala zake zote zinafuata zenyewe.

Video: Kdenlive kwa harusi na kwaya, na kwenye mashine dhaifu washa proxy clips, zile nakala nyepesi za kuhariria. DaVinci Resolve ya bure ipo kwa Linux, ila hapo haisomi H.264, yaani karibu kila kitu kinachotoka kwenye simu. Ma-DJ wana Mixxx. VLC ni VLC.

PDF na skani

Msimu wa mikopo ya HESLB na matangazo ya Ajira Portal, foleni yote ni ya kuskani vyeti, kuviunganisha na kuvipunguza uzito. Document Scanner inaskani. PDF Arranger inaunganisha, inageuza na kupanga kurasa kwa kuzivuta. Kupunguza uzito:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf kubwa.pdf

Hiyo inashusha picha hadi dpi 150, na muhuri bado unasomeka. Ukiweka /screen inakwenda 72, na hapo muhuri unaanza kuwa doa. Afadhali uskani kwa dpi 200 ya kijivu tangu mwanzo. Faida nyingine ya kufanyia hapohapo ni kwamba cheti cha mtu hakipandishwi kwenye tovuti usiyoijua ili kipunguzwe.

Kujaza na kusaini fomu, Xournal++. Kopi ya kitambulisho pande mbili kwenye ukurasa mmoja, Draw: leta picha zote mbili, bonyeza F4, kila moja iwe milimita 85.6 kwa 54. Hicho ndicho kipimo halisi cha kadi, na benki hawatakurudisha.

Printa ndiyo ya kujaribu kabla

Choma Mint kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, washa mashine kutoka kwenye flashi, F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Usisakinishe kitu bado. Unganisha printa, toa ukurasa, skani ukurasa, cheza wimbo, unganisha Wi-Fi.

Epson za mfululizo wa L kwa kawaida zinashika zenyewe kwa draiva ya escpr. Skana ikigoma, tafuta Epson Scan 2 ya Linux, na Epson Printer Utility itakuonyesha wino na kusafisha hedi. HP LaserJet ndogo kama P1102 zina tabia moja ya kuchanganya: kazi inaonekana imekamilika, karatasi haitoki. Inasubiri plugin ya HP. Endesha hp-plugin ukiwa na intaneti, kisha hp-setup -i. Canon za CAPT, mfano LBP2900, ndizo zinazotesa. Draiva yake ni ya zamani na inataka maktaba za biti 32. Kama duka zima linategemea hiyo Canon, bakiza mashine moja ya Windows kwa ajili yake na usipoteze wikendi.

Laptopu yenye Wi-Fi ya Broadcom inaweza kuonekana haina Wi-Fi kabisa. Chomeka simu kwa waya, washa USB tethering, fungua Driver Manager, iweke. Simu kwa waya inakubali bila draiva yoyote.

Flashi za wateja na bando

Smadav, ile antivirusi ya flashi, hutaihitaji, lakini elewa kwa nini. Kirusi cha shortcut huyaficha mafaili halisi kwa alama ya Windows ya hidden na system, kisha kinaweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Linux haijali alama hizo. Ukifungua flashi unaona mafaili yote waziwazi, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina, pamoja na lnk na vbs zake pembeni. Mashine yako haiambukizwi, ila ukimrudishia mteja flashi ilivyo, ataenda nacho nyumbani, na mafaili yake bado yatakuwa yamefichwa kwake. Nakili mafaili halisi kwenye mashine, fomati flashi kwa USB Stick Formatter, rudisha. Kunakili huku kunaiacha ile alama nyuma. Flashi ya redio ya gari iwe FAT32. Ya filamu iwe exFAT, kwa kuwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.

IDM, ile ya kupakulia mafaili, ina warithi wengi. aria2c -c -x 8 ikifuatiwa na anwani inatosha, na -c inaendeleza pale umeme ulipokatia. Faili za rar zinataka unrar. WhatsApp itengenezee kitufe chake cha kufungulia kupitia Web Apps ya Mint. Kutuma mafaili kati ya simu na mashine, LocalSend. Ukitumia modemu ya laini, Modem Manager GUI inapiga menyu za bando na kusoma meseji.

Flatpak ni nzuri, ila programu ya kwanza huvuta pamoja nayo msingi wa mamia ya megabaiti. Ukiwa na bando la siku, chukua toleo la apt kwanza. Na kama duka lina mashine tatu, usipakue mara tatu. Weka kwa apt-get, ambayo huacha vifurushi kwenye /var/cache/apt/archives, nakili deb zote kwenye flashi, ziweke folda hiyohiyo kwenye mashine ya pili, kisha toa amri ileile. Itakuta vimeshapakuliwa.

Visivyohama

QuickBooks ya mezani, ArchiCAD, programu za mashine za EFD zinazotegemea draiva ya Windows, na ile resetter ya Epson ya kufuta hesabu ya wino taka. AutoCAD kwa michoro ya 2D unaweza kusogea na LibreCAD kama unabadilishana DXF. Kwa DWG za ofisi nyingine utasumbuka. Wine huendesha baadhi ya programu za zamani za Windows ndani ya Linux, ila kazi ya mteja anayesubiri usiiweke juu ya Wine. Kwa hizi, bakiza Windows ndani ya mashine hiyohiyo, pembeni ya Linux. Kabla ya kupunguza sehemu ya Windows kwenye diski ili Linux ipate nafasi, zima Fast Startup kwa powercfg /h off, la sivyo Linux itafungua diski ya Windows kwa kusoma tu. Kama BitLocker, kufuli la diski la Windows, imewashwa, andika ufunguo wake kwenye karatasi.

Baada ya hapo utaona kitu kimoja: ukitoka Linux kurudi Windows, saa imerudi nyuma masaa 3 kamili, na tovuti za benki zinaweza kugoma zikisema cheti si halali. Betri ya mama-bodi haina kosa. Linux huandika saa ya dunia kwenye mashine, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko UTC+3. Ukiwa Linux, mara moja tu:

timedatectl set-local-rtc 1